Kuku wa Ayeeyo Sharifo

SALAH: Haloo? Duka la Abti Kerrow hapa, Garissa. Nani huyo?

IDMAN: Haloo! Salah? Aboowe, ni mi—

[Laini inakwaruza.]

SALAH: Nani? Sema kwa nguvu, simu inakula maneno!

IDMAN: Idman! Dada yako! Umesahau hata sauti yangu?

SALAH: Aa... Hared! Bwana Hared! Habari za Nairobi, bwana?

IDMAN: Hared gani? Ni mimi. Assalaamu alaykum.

SALAH: Wa alaykum salaam, Bwana Hared, wa alaykum salaam! Mzigo wa sukari vipi?

IDMAN: Salah, jua limekupiga kichwani?

SALAH: [Kwa sauti ya chini.] Ngoja. Ngoja nivute waya niingie nyuma ya magunia... Haya. Idman. Abaayo. Usiongee Kisomali, tuongee Kiswahili tu.

IDMAN: Mimi na wewe, Kiswahili? Tuko darasani?

SALAH: Wazee wamejaa dukani, na Kiswahili chao ni kidogo. Wakijua ni wewe, kila mmoja atataka kuishika simu akusalimie. Sarafu zako zitaisha kwa salamu.

IDMAN: Wazee wa mjomba, wa Abti Kerrow? Hao hata jina langu hawalijui. Wananiita yule msichana wa mavi ya kuku.

SALAH: [Anacheka kidogo, anaacha.] Siku hizi wanalijua.

IDMAN: Mungu amewafungua macho. Sikiliza, nimeitafuta laini yenu mpaka kidole kimeota sugu. Tangu Idd sijapata hata mlio.

SALAH: Mafuriko yaliangusha nguzo. Zimesimamishwa juzi. Barabara bado, maji yamekaa tu, utadhani Tana imehamia huko.

IDMAN: Hooyo mzima? Mama hajaugua?

SALAH: Mzima, alhamdulillahi.

IDMAN: Na bibi, Ayeeyo?

SALAH: Na wewe? Unakula? Sauti yako imekonda.

IDMAN: Sauti haikondi. Ayeeyo yuko hapo? Nipe nimsikie kwanza. Mwambie asishike simu juu chini kama siku ya Idd, alikuwa anaongea na mahali pa kusikilizia.

SALAH: Hayuko hapa dukani, Idman.

IDMAN: Basi utamtuma mtu amwite, nitapiga tena. Maana nina habari mbili, nzuri na mbaya, na ile nzuri ni yake.

SALAH: Anza na ya kwako.

IDMAN: Zote ni zangu! Unakumbuka vile vichupa nilivyobeba mwaka jana, kabla ya hii mvua ya Elnino?

SALAH: Vya mavi ya kuku. Kwenye boksi la barafu. Nani atasahau? Abti Kerrow aliapa hatapanda basi hilo tena mpaka lipigwe rangi.

IDMAN: Mwache acheke. Ndani ya mavi yale kulikuwa na bakteria wazuri, Salah. Si kila bakteria ni ugonjwa. Kuna wengine ni walinzi, wanakaa tumboni na kuwazuia wabaya wasiingie. Nimewapima miezi yote hii. Niliwatia kwenye asidi kali kama ya tumbo la kuku, wengi wakafa. Waliobaki nikawatia kwenye nyongo, wakafa tena wengine. Halafu wale wachache nikawaweka sahani moja na vijidudu vya ule mharo mweupe unaomaliza vifaranga—

SALAH: Uliomaliza kuku wa Saynab jirani.

IDMAN: Huohuo! Na aina moja, Salah, moja tu, ikasimama. Pale ilipokaa pakawa na duara safi, hakuna adui aliyesogea. Nilikaa naitazama ile sahani nikasahau kula. Unajua ilitoka kwa kuku wa nani?

SALAH: Nani?

IDMAN: Wa Ayeeyo.

[Kimya.]

IDMAN: Haloo? Umepotea?

SALAH: Niko. Wa Ayeeyo.

IDMAN: Na nimeipa jina. Kwenye chupa nimeandika Sharifo. Profesa akaniuliza, Sharifo ndiyo nini? Nikamwambia ni bibi yangu. Alicheka, lakini hakulifuta. Sasa Ayeeyo ana jina lake kwenye friza ya chuo kikuu, na hajui hata kushika simu!

SALAH: [Kwa sauti nzito.] Vizuri. Vizuri sana, abaayo.

IDMAN: Mbona unaongea kama mtu aliyemeza mchanga?

SALAH: Vumbi la unga. Niko nyuma ya magunia, nimekuambia.

[Kuku analia kwa mbali.]

IDMAN: Huyo ni kuku?

SALAH: Dukani kuna kila kitu. Endelea. Habari mbaya ni nini?

IDMAN: Umeme ulikatika huku, mvua iliharibu waya. Tulirudi maabara tukakuta friza inavuja. Kila kitu kimeyeyuka na kuoza. Sharifo amekufa, Salah. Chupa zote.

SALAH: Usiseme hivyo.

IDMAN: Nasema bakteria. Kwa hiyo nataka kuanza upya, na dawa yake ni kuku wale wale. Profesa amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikikosa, ataagiza bakteria wa kununua kutoka Ulaya na kazi itakuwa hiyo. Mimi nitabaki kuosha sahani.

SALAH: Si kuna kuku huko Nairobi? Wamejaa.

IDMAN: Wa huku wanalishwa dawa tangu wakiwa vifaranga. Hata hapo mtaani, kuku wa mtu akiinamisha kichwa tu, anapasuliwa kapsuli ya rangi mbili kwenye maji. Na ile dawa haichagui, Salah, inaua wabaya na wazuri pamoja. Kapsuli moja tu, basi, kwangu mimi kuku huyo ni mtupu, hakuna ninachokitafuta tumboni mwake—

SALAH: [Kwa mbali, kwa mtu mwingine.] Kibiriti kiko juu, hapo juu ya sabuni! Aa, si hicho!

IDMAN: —ndiyo maana nawataka wa Ayeeyo. Hakuwahi kuwapa dawa hata siku moja. Yeye alikuwa akisuuza kile kibuyu chake cha maziwa ya ngamia yaliyoganda, yale maji machachu hamwagi, anawapa kuku. Nadhani Sharifo alitoka humo. Umesikia?

SALAH: Ndiyo, ndiyo, nakusikia. Kibuyu.

IDMAN: Basi kesho kuna ndege inaleta dawa za hii homa ya mbuzi. Ndani yake kuna daktari wa mifugo, anaitwa Guleid, kwao ni Hadado. Nimempa vichupa visafi. Wewe chukua tu mavi mabichi ya kuku wa Ayeeyo, chupa moja kwa kila kuku, umkabidhi kabla hajarudi. Ni hilo tu. Utafanya?

[Kimya. Laini inakwaruza.]

IDMAN: Salah?

SALAH: Idman... mambo hapa yalikuwa magumu.

IDMAN: Najua. Tulisoma kwenye gazeti, mbuzi wanakufa, watu wanakufa. Ndiyo maana nawaombea kila swala. Lakini homa hii haishiki kuku.

SALAH: Haishiki.

IDMAN: Kwa hiyo kuku wazima.

SALAH: Kuku... hawapo.

IDMAN: Hawapo vipi? Maji yaliwachukua?

SALAH: Hapana.

IDMAN: Fisi? Mwizi? Nani Garissa anaiba kuku?

SALAH: Waliliwa, Idman. Wageni walikuja, wakaliwa.

IDMAN: [Anacheka.] Wageni gani wanakula kuku kwetu? Mgeni ukimpa kuku si atakwenda kukushtaki kwa ukoo wake?

SALAH: Serikali imekataza kuchinja. Mbuzi, ng'ombe, ngamia, kondoo, hakuna kisu kinachogusa mnyama. Bucha zote zimefungwa. Na wageni huwezi kuwapa wali mweupe. Sio wageni wale.

IDMAN: Kwani walikuwa wangapi?

SALAH: Wengi. Walitoka Bura, wengine mpaka Masalani, wamevuka kwa mashua. Wengine walitembea kwa miguu ndani ya matope.

IDMAN: Na walikula? Hata Abti Kerrow? Yule aliyesema mwanamume hali ndege?

SALAH: Alikula. Alifumba macho, akasema bismillahi, akala. Akalia.

IDMAN: Akalia kwa ajili ya kuku? [Anacheka, kicheko kinakatika.] Nani aliwachinja?

SALAH: Mimi.

IDMAN: Na Ayeeyo alikuacha? Mwanamke aliyemfukuza mwewe kwa kandambili mpaka mtoni? Alikuacha uwachinje wote?

[Kimya.]

IDMAN: Salah. Alikuacha?

SALAH: Hakusema kitu.

IDMAN: Wageni walikuja nyumba ya nani?

SALAH: Yetu.

IDMAN: Wakakaa siku ngapi?

SALAH: Zile... siku zinazokaliwa.

IDMAN: Wanaume walikaa nje?

SALAH: Idman—

IDMAN: Nijibu. Wanaume walikaa nje, kwenye mikeka?

SALAH: Walikaa nje.

IDMAN: Walisoma Qur'ani?

SALAH: Walisoma.

[Sarafu inaingia.]

IDMAN: Ni Hooyo?

SALAH: Hooyo mzima. Wallahi Hooyo ni mzima.

IDMAN: Basi usiseme. Usinitajie. Ngoja kwanza.

SALAH: Nangoja.

[Laini inakwaruza.]

IDMAN: Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

SALAH: Wa innaa ilayhi raaji'uun.

IDMAN: Ndiyo maana Kiswahili. Ndiyo maana Hared.

SALAH: Wamekuja leo tena kumpa Abti pole, si alikuwa mamake? Wangejua ni wewe wangekupa pole wote kwa mpigo, na wewe uko peke yako barabarani, hakuna hata wa kukushika. Hooyo alisema tusubiri umalize mtihani. Laini zilikuwa zimekufa, barabara hakuna. Hata tungekuita, ungepita wapi?

IDMAN: Ningeogelea.

SALAH: Najua.

IDMAN: Ningeogelea, Salah! Mimi naandika jina lake kwenye chupa, naenda nalala, naamka, nacheka na watu, na yeye— [Analia.] Lini?

SALAH: Jumanne ile baada ya Idd. Alfajiri. Tukamzika kabla ya adhuhuri.

IDMAN: Homa?

SALAH: Mbuzi walikuwa wanatupa mimba, kila asubuhi. Sisi tuliogopa kuwagusa. Yeye akakunja mikono ya buibui akaingia katikati yao. Nikamwambia, Ayeeyo, waache, watu wa afya wamesema tusiguse. Akaniambia, huyu mbuzi amemnywesha mamako maziwa, leo ameshikwa na uchungu nimwache peke yake kwa sababu ya redio?

IDMAN: Ni yeye huyo. Ni yeye kabisa.

SALAH: Homa ilimshika, macho yakawa mekundu. Sijui nikuambie nini kingine. Hakukaa sana.

IDMAN: Alisema kitu?

SALAH: Alikuuliza wewe.

IDMAN: Alisemaje?

SALAH: Aliuliza, kuku wangu wamefaulu mtihani?

[Pua inavutwa.]

IDMAN: Ukamjibu nini?

SALAH: Nilimwambia wamefaulu.

IDMAN: Ulijuaje?

SALAH: Sikujua. Nilisema tu. Ningemwambia nini, Idman? Mtu yuko pale anakutazama. Nikasema wamefaulu, Ayeeyo, wamekuwa wa kwanza darasa zima. Akatikisa kichwa hivi, kama mtu aliyekuwa anajua. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nimemdanganya mtu anayekwenda.

IDMAN: Hukumdanganya. Sahani ile niliitazama wiki ileile ya Idd. Walikuwa wameshafaulu, aboowe.

SALAH: [Sauti inavunjika.] Haki?

IDMAN: Wallahi. Wa kwanza darasa zima.

SALAH: Alhamdulillahi. Ah. Alhamdulillahi.

[Sauti za watu kwa mbali.]

SALAH: [Kwa mbali.] Hakuna kitu, Abti! Ni hii pilipili iliyomwagika!

IDMAN: Salah, sarafu zinakwisha. Nimebaki na mbili.

SALAH: Ngoja, usikate. Kuna kitu. Nilisema kuku wameliwa. Hawakuliwa wote.

IDMAN: Nini?

SALAH: Mmoja yupo. Yule mweusi, mwenye shingo isiyo na manyoya.

IDMAN: Yule aliyekuwa akimfuata Ayeeyo mpaka mlango wa choo?

SALAH: Huyo. Siku ile wanawake wanapiga kelele jikoni, sufuria haijatosha, leta mwingine. Nikamshika. Nikamwekea kisu, wallahi, na mkono ukagoma. Ayeeyo alikuwa amesema, mweusi ni wa Idman, ndiye mwenye akili. Nikamficha ndani ya katoni ya sabuni, nikamleta hapa. Ndiye unayemsikia. Wazee wanadhani nimerukwa na akili, muuza duka anayelala na kuku.

IDMAN: Yupo? Yupo hapo? Mzima?

SALAH: Miguuni mwangu.

IDMAN: Salah! Mmoja anatosha! Kuku mmoja tu ananitosha! Maana wote walikunywa maji yale yale ya kibuyu, na kama Sharifo yumo ndani ya huyu, basi nitamkuza tena, nitamweka kwenye friza mbili, tatu, nitampeleka hata kwa— Oo, Salah. Aboowe. Mungu akuweke.

SALAH: Nimemtunza kama yai. Alitaka kunifia wiki iliyopita, lakini sikumwachia.

IDMAN: Kukufia vipi?

SALAH: Aliinamisha kichwa, mabawa yakaanguka, hali, hanywi. Nikasema hapana, huyu hafi, huyu ni wa Idman. Nikaenda kwa duka la dawa, nikanunua kapsuli za rangi mbili, zile nyekundu na njano. Nikampasulia kwenye maji asubuhi na jioni mpaka zikaisha. Akaamka! Sasa anarukia magunia.

[Kuku analia, anarukia gunia.]

SALAH: Idman?

[Kimya. Laini inakwaruza.]

SALAH: Idman, upo? Nilikosea?

IDMAN: Anakula?

SALAH: Anakula kuliko Abti. Jana ametaga.

IDMAN: Jana ametaga.

SALAH: Yai dogo, la rangi ya chai. Nimemwekea Hooyo. Nilikosea?

IDMAN: Hapana. Umemponya.

SALAH: Kwa hiyo huyo daktari Guleid nimsubiri uwanja wa ndege? Na mavi ya kuku huyu?

IDMAN: Msubiri.

SALAH: Mabichi?

IDMAN: Mabichi. Ya asubuhi.

SALAH: Na yatafaa? Utampata Sharifo wako humo?

IDMAN: Yatafaa, aboowe.

SALAH: Wallahi?

IDMAN: Funga kifuniko vizuri, kisivuje.

SALAH: Nitakifunga na nailoni juu. Nitaandika jina lake. Sharifo, herufi kubwa. Si ndiyo?

IDMAN: Ndiyo. Herufi kubwa.

SALAH: Unalia tena.

IDMAN: Si nimefiwa?

SALAH: Barabara ikifunguka uje. Hata kama ni kwa punda. Kibuyu chake Hooyo alikiosha kwa maji ya moto na dawa ile waliyotugawia, akakitundika ukutani. Kinakungoja.

IDMAN: Alikiosha?

SALAH: Watu wa afya walisema tuoshe kila kitu alichogusa.

IDMAN: Alifanya vizuri. Nyote mmefanya vizuri. Mpe Hooyo salamu, mwambie nimejua, asijifiche tena na machozi. Na wale wazee waambie nimepokea pole zao.

SALAH: Nitawaambia. Abti Kerrow ataniuliza Hared ni nani.

IDMAN: [Kicheko cha machozi.] Mwambie ni msichana wa mavi ya kuku.

[Mlio wa onyo. Sarafu inaingia.]

IDMAN: Hiyo ndiyo ya mwisho. Salah, haraka, mwekee simu.

SALAH: Nimwekee nani?

IDMAN: Kuku! Mwekee karibu.

SALAH: Abaayo, wazee wananitaza—

IDMAN: Wacha watazame!

SALAH: Haya. Haya, njoo wewe, njoo... Tulia. Ongea, Idman, yuko hapa. Nimeishika juu chini ama sawa? Ongea tu.

[Kuku analia, karibu sana.]

IDMAN: Mmefaulu. Unasikia? Mmefaulu nyote. Salah aliposema hivyo alikuwa anasema kweli. Na mwambie Aye—

[Laini inakatika.]